Risiti ya Umeme na Sindano Nne

Mimba yangu ya pili ilikuwa na wiki 31 tumbo lilipoanza kukaza usiku, nami sikushtuka, kwa kuwa mkazo wa namna hiyo nilikwisha kuuzoea. Mkunga wa kliniki alikuwa amenieleza kwamba uchungu wa uongo huja ovyo na kwa kawaida hupoa mama akienda haja ndogo, akinywa maji na kubadili mkao. Nilifanya yote hayo, nikalala ubavu wa kushoto, lakini haukupoa.

Ndipo nilipochukua kalamu na risiti ya LUKU, ya umeme, iliyokuwa kando ya kitanda, nikaandika nyuma yake muda wa kila mkazo: saa 8:10, 8:21, 8:29, 8:39. Kila ulipokuja, tumbo likiguswa lilikuwa gumu kama paji la uso, na kiuno kikavuta kuelekea chini kama siku za hedhi. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusaidia, alisema ni chango, akataka kunichemshia mizizi. Sikuona faida ya kubishana naye saa tisa za usiku, nilimpa risiti tu, nikamwambia, "Mama, tazama zinavyofuatana." Alitazama, akaenda kumwamsha mwanawe, na yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta bajaji.

Hospitalini muuguzi wa zamu alitaka nirudi nyumbani kupumzika, kwa kuwa sikuwa na damu wala chupa haikuwa imepasuka. Risiti ile ile ndiyo iliyomfanya amwite daktari. Njia ilikuwa imefunguka sentimita 2, na kipimo cha mkojo kilionyesha maambukizi, ambayo ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuanzisha uchungu kabla ya wiki 37. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikienda haja ndogo kila mara huku nikisingizia mimba.

Nilipewa dawa za maambukizi pamoja na nifedipini, ambayo wengi tunaijua kwa shinikizo la damu, kumbe hulegeza pia misuli ya mji wa mimba. Iliniuma kichwa na kunichoma uso, lakini nilivumilia kwa sababu daktari alinieleza jambo ambalo sikulijua: dawa hiyo haikusudiwi kuishikilia mimba hadi mwezi wa tisa, bali kutupatia kama siku mbili, ili sindano 4 za deksamethasoni, moja kila baada ya saa 12, zipate kuyasaidia mapafu ya mtoto kukomaa. Kuanzia hapo niliacha kuhesabu wiki zilizobaki, ambazo zilinitisha, nikahesabu sindano. Ya nne ilipoingia nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza.

Mkazo ulikatika siku ya tatu. Daktari hakuniamuru kulala kitandani mchana kutwa, kama majirani walivyotaka. Alinikataza ndoo za maji, akasisitiza nimalize dawa na kurudia kipimo cha mkojo.

Wiki ya 34 tumbo likakaza tena usiku. Kabla sijajiinua, mama mkwe alikwisha kushika kalamu. Tuliandika mara tatu kwa saa mbili, kisha kimya. Mtoto alizaliwa wiki ya 38, akiwa na kilo 2.8.