Giaboksi iligoma kuingia baada ya kubadilisha klachi

Hilux ya propela, klachi mpya: pleti, presha (sahani inayoibana pleti kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini) na beringi ya rilisi (inayoisukuma presha iiachie pleti). Giaboksi inapanda na jeki vizuri, kisha inagoma ikibaki nafasi ya upana wa kidole. Nilibadilisha mwinamo wa jeki, nikatia gia ya nne na kuzungusha shafti ya nyuma kwa mkono ili meno ya shafti ya mbele ya giaboksi yapatane na ya pleti. Wapi! Kuivuta kwa bolti sikuthubutu: gamba ni alumini, sikio hupasuka, na kitovu cha pleti hupinda.

Dawa ilikuwa kuishusha tena na kuiweka pleti katikati kabisa: kulegeza bolti sita za presha mpaka pleti isogee kwa kidole. Chukua kipande cha mpini wa ufagio, ukizungushie tepu sehemu mbili: ncha ijae beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, na nyuma yake ijae meno ya pleti. Siri yote ni hiyo tepu. Ikilegea hata kidogo, pleti inashuka kwa uzito wake na shafti haitafika kwenye beringi. Kaza bolti kwa mkingamo, nusu mzunguko kila moja, hadi Nm 19 (kipimo cha nguvu ya kukaza), ndipo uchomoe mpini.

Kwa hewa ya chumvi ya huku Mombasa, meno ya shafti huota kutu. Yasugue kwa brashi ya waya, na ujaribu pleti mpya juu yake kabla ya kufunga chochote. Grisi paka kiduchu. Ikizidi hurukia pleti, klachi ikateleza.

Safari hii giaboksi iliingia hadi mwisho kwa kusukumwa na mikono tu.