Leo nimefika kwa Rodin

Bandugu, yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, mwenye anakaa Paris amenipeleka kwa makumbusho ya Rodin, mchonga sanamu wa Ufaransa, nyumba nzima ni ya msanii mmoja tu, sanamu kila kona mpaka kwa bustani. Rodin mwenyewe alikuwa anapanga vyumba humo, 1916 akaachia serikali ya Ufaransa kazi zake, akafa 1917, bakafungua 1919.

Ule Le Penseur, sanamu ya mtu amekaa anawaza, mnamujua wote, bantu bamejipanga kupiga naye foto, mi nikapita zangu. Penye nimesimama sana ni kwa Mlango wa Jehanamu, mita kama 6 kwenda juu, sanamu zaidi ya 180 zimejaa mule, wengine banaanguka wengine banashikana, aliuanza 1880 na hakuuona hata siku moja kwa bronzi, bameumwaga yeye ameshakufa. Na bronzi ni nini kama si shaba na bati kidogo?? Mtoto wa Lubumbashi, mji wa shaba kule Kongo, nikavimba kichwa pale, yaya anasema tulia weye, hii haikutoka kwenu 😂

Ndani kuko mikono miwili ya jiwe inakaribia kugusana, La Cathédrale. Angalia vizuri vidole gumba, yote miwili ni ya kuume! Kumbe ni ya watu wawili.

Camille Claudel, mwanamke mchonga sanamu mwenye alikuwa mwanafunzi wa Rodin, naye ako na kazi zake humo. La Vague yake, wimbi la jiwe la kijani linataka kufunika wanawake watatu wadogo ba bronzi, njo nimeipenda kupita zote za mzee, bashabiki ba Rodin mnisamehe.