Baki shilingi 35

Jumapili, saa nne usiku. Umeme umekatika, naandikia kwenye simu, na vidole vyangu vinanuka tapentaini. Viwili vina plasta. Kutwa nzima nilikuwa Chanika, kwenye nyumba yangu ninayojenga, nabandua rangi kwenye mlango ulionizidi umri.

Nianze na nyumba ulikotoka mlango huo. Babu aliijenga Magomeni, Dar es Salaam, mwaka 1968. Vyumba sita, korido katikati, uwani jiko na choo, na mbele baraza ya saruji ambayo vizazi vitatu tumeikalia kusukana nywele na kusengenya wapita njia. Bibi alipofariki wajomba wakakaa vikao, mwisho wake tukauza. Habari za vikao siziandiki humu. Mnunuzi hakuwa na shida na nyumba, alitaka kiwanja. Magomeni siku hizi nyumba za chini ni kama meno ya mtoto wa miaka saba, linang'oka hili leo na lile kesho, na panapong'oka panaota ghorofa.

Kwenye makubaliano mjomba mkubwa aliongeza mstari mmoja: familia ipewe wiki mbili za kutoa vitu vyake. Yeye alikuwa na maana ya makabati, picha na ile redio ya babu. Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kusoma mistari ya namna hiyo mara mbili. Nikajiuliza, nyumba yenyewe si vitu?

Nikampigia fundi wangu wa Chanika. Huyu ndiye aliyenijengea boma ambalo limesimama kwenye lenta mwaka wa pili sasa, linangoja hela ya kupaua. Akaja na daladala, kavaa kandambili, mkononi patasi moja. Hakupima kitu. Alikwenda mlango wa chumba cha bibi, akakwangua sehemu ndogo kama ukucha chini ya rangi ya kijani, chini ya kijani kukatoka bluu, chini ya bluu kijivu cha meli, kisha mbao yenyewe: kahawia inayoelekea dhahabu, na michirizi myeusi. Akainusa. Akanipa na mimi ninuse.

"Mninga," akasema. "Dada, hii usimwachie mtu."

Wasiojua, mninga ni mti wa miombo ya huko Tabora na mikoa ya magharibi, na kwa bei ya sasa mtu wa kipato changu anautazama tu dukani. Nilishaulizia Keko kwa maseremala mlango mmoja na fremu yake nikatajiwa laki nne na nusu, kitasa mbali. Na huo mpya, fundi akanieleza, mara nyingi unauzwa haujakauka vizuri. Unaufunga Januari, mvua za Aprili zikija unakataa kufunga, Agosti unaacha upenyo wa kupita mjusi. Huu wa babu ulishamaliza ubishi wake wote zamani. Nusu karne na zaidi kwenye joto la Magomeni, kama ni kupinda ungekwisha pinda.

Tulianza Jumatatu. Nilidhani kuvunja ni nyundo na nguvu. Kumbe nyumba inashushwa kwa kurudi nyuma, kilichowekwa mwisho ndicho kinachotangulia kutoka. Vitasa na bawaba kwanza, swichi na waya, kisha milango, grili za madirisha, mabati, papi, kenchi, halafu ndiyo fremu, halafu tofali. Ukiruka hatua unaharibu viwili kwa pamoja. Kijana mmoja alitaka kutoa bati kwa mtarimbo, likachanika kama kanga kuukuu. Fundi akamshusha, akapanda mwenyewe na kibao chini ya nyundo, akawa anachomoa msumari mmoja mmoja huku anaimba taarabu kwa sauti mbaya. Uwani mtoto wa jirani akaketi na jiwe, ananyoosha misumari iliyopinda, anaitia kwenye kopo la maziwa. Misumari hiyo imefanya kazi Chanika kwenye mbao za kumwagia zege. Juu ya paa fundi hakuitaka, akasema msumari uliopinda mara moja haushiki tena vilevile.

Kituko kilikuwa kwenye matofali. Vyumba vya mbele babu alijenga akiwa na hela, na saruji hakuibania. Kiwanda cha Wazo Hill kilikuwa kimeanza miaka miwili tu nyuma, nadhani saruji ilikuwa jambo la kujionyesha. Vyumba vya nyuma alijenga kaishiwa, mchanga mwingi, saruji ya kunyunyizia kama chumvi. Basi tofali za mbele ziligandana, ukipiga tindo linapasuka tofali, si kiungio. Za nyuma ukigonga kidogo linatoka zima, unalifuta vumbi, unalipanga. Mjomba alipita akacheka mpaka akakaa chini. Ufukara wa babu wa mwaka 1968 ndio ulioniachia matofali 410 mazima.

Mama mdogo yeye hakucheka. Alinikuta napanga mabati, akanivuta pembeni. "Mwanangu, nyumba mpya utaijenga kwa mitumba? Watu watasemaje?" Nilimheshimu, nikanyamaza. Ila nilitazama gari aliloshukia, limetumika Japani miaka kumi kabla halijamfikia, na blauzi yake nzuri nilikuwa naye soko la Karume siku anaichambua kwenye beli. Mji mzima tunavaa nguo za wafu wa Ulaya na tunaendesha magari waliyochoka nayo wenzetu, lakini mlango uliotoka Magomeni kwenda Chanika ndio aibu.

Jumatano ya wiki ya pili tukatoa fremu ya chumba cha bibi. Fundi alikata lipu pande zote, akagonga taratibu, fremu ikatoka na vumbi jekundu la ukutani. Upande wa nyuma, ule uliokaa kwenye tofali, haukuwahi kupakwa rangi. Kulikuwa na maandishi ya kalamu ya fundi seremala, ile bapa, bado yanasomeka:

Milango 4 × 85 = 340
Kapokea 305
Baki sh. 35

Sikufanya kazi kwa nusu saa. Nimekagua vitabu vya watu wengi lakini sijawahi kuona deni lililofungiwa ndani ya ukuta. Fundi wangu akasema yule alikuwa mjanja, aliandika mahali ambapo mdaiwa hawezi kufuta bila kuvunja nyumba yake. Nikampigia mama. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Fundi wa milango? Si yule mzee wa Keko aliyekuwa anakuja kila Idi? Anakaa barazani, anakula pilau, anachukua na ya kubeba, anaondoka. Sisi watoto tulijua ni ndugu yetu."

Basi sijui nihesabu sahani ngapi.

Alhamisi ndiyo siku mbaya, naiandika kwa kifupi maana bado inaniuma. Tulikuwa tumebakiza siku nne kwa mujibu wa karatasi. Saa mbili asubuhi kijiko, lile gari la kubomolea, kikaingia. Dereva alisema ametumwa, hana habari za karatasi. Nikapiga simu, simu haikupokelewa. Mjomba alifika saa tano akiwa na nakala ya makubaliano, na wakati huo kenchi za nyuma zilikuwa zimeshalala chini ya ukuta, sinki la bibi limekuwa vipande, na fremu mbili zimekatika katikati. Tulichoponya ni kile ambacho tulikuwa tumekwisha kulegeza. Mikono inahitaji siku tisa, kijiko kinahitaji asubuhi moja, na anayelipa kwa saa hana muda wa kunusa mbao.

Halafu kuna jiko. Jiko la uwani lilikuwa na vipande sita vya asbesto, zile bati za kijivu ngumu za zamani. Jumatatu kijana mmoja alikwishanyanyua nyundo azivunje, fundi akapiga ukelele ambao sijamsikia nao tena. Ile ikiwa nzima na haiguswi haina neno kubwa, ikivunjwa inatoa nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni, unazivuta, zinakaa mapafuni, na maradhi yake yanaweza kuja baada ya miaka ishirini au thelathini, wakati hata umesahau uliwahi kupita hapo. Hiyo haikuwa ya kupeleka Chanika wala ya kumgawia mtu bandani. Tulikubaliana isiguswe, nikamwandikia mnunuzi kwamba pale pana asbesto, inyweshwe maji, ifungwe kwenye nailoni nzito, itolewe na wenye kibali. Ujumbe ulisomwa, tiki mbili za bluu ninazo hadi leo. Kijiko kilipita juu yake kama kilivyopita juu ya vingine, na vijana wa kupakia kifusi walikuwa na mashati wamefunga puani. Mtoto wa kopo la misumari nilimrudisha kwao kwa kumvuta mkono.

Kifusi kilipakiwa mchana. Nilimuuliza dereva wa lori kinakwenda wapi. Dampo la jiji ni Pugu Kinyamwezi, na kabla ya hapo palikuwa Mtoni, kabla ya Mtoni Vingunguti, kabla yake Tabata, ambako wakazi walichoka moshi na nzi wakaenda mahakamani mwaka 1988. Kila tunapofukuzwa tunasogea mbele kidogo. Dereva akanitazama kama mgeni wa mji. "Pugu kwa mafuta haya?" Akasema safari ya kwanza ina mtu Kigogo, aliweka kibao cha "Kifusi kinahitajika" kwenye kiwanja chake kinachotuama maji. Sawa, hapo sina ugomvi, Dar nusu ya viwanja vya bondeni vimesimama juu ya nyumba za watu wengine. Nilipouliza safari ya pili na ya tatu akapandisha kioo. Sikumfuata, siwezi kusema alikwenda wapi. Ila kila mtu anajua kando ya mto Msimbazi usiku hushushwa nini, na mvua kubwa zikija barabara ya Jangwani inafungwa, mwendokasi unasimama, tunaanza kuulizana maji yametoka wapi.

Nondo walichukua vijana wa skrepa, kwa kilo, mzani wao wakautundika kwenye mwembe. Nilitaka kuzibakiza kwa nguzo za baraza yangu. Fundi akakataa katakata. Zilikuwa na kutu ya kumeguka na zilikwishapindwa. Mlango uliochoka unakukwaruza, nondo iliyochoka inakuangukia, na mji huu umeshazika watu wa kutosha walioangukiwa na maghorofa, Machi 2013 mtaa wa Indira Gandhi, Novemba 2024 Kariakoo. Ziende tanuru, zirudi nondo mpya. Hapo sikubishana.

Daftari langu linasema hivi, na silipambi. Milango mizima minne, fremu mbili. Mabati 38 kati ya 60, mazito kuliko ninayouziwa leo, matundu tumeyaziba kwa mpira na lami, yamepaua banda la kuku na choo cha nje. Grili tano. Matofali 410, na hapa nikubali ukweli, matofali yamenila hasara. Fuso imekwenda Chanika mara mbili, nimelipa vijana wa kupakia na wa kushusha, na ukijumlisha na siku za fundi ningenunua mapya kiwandani palepale Chanika na chenji ikabaki. Kama jirani wa Magomeni angekuwa anajenga ningempa yeye. Tofali ni zito, halipendi safari. Milango ndiyo iliyolipa kila kitu, nauli, posho na hata sindano yangu ya pepopunda, maana siku ya pili nilikanyaga msumari wa bibi na kandambili haikuuzuia.

Leo ndiyo tumesimamisha fremu. Rangi nimeikwangua mwenyewe, nje, upepo ukinitoka mgongoni na pua nimeifunga, kwa sababu rangi za zamani nazo si za kuvuta vumbi lake. Kijani nimetoa, bluu nimetoa, kijivu kimenishinda kwenye kona nimekiacha. Mlango ukaingia kwenye fremu yake bila randa, ukafunga kwa kidole kimoja. Fundi akaufungua na kuufunga kama mara sita, mwenyewe tu.

Kabla hawajaipachika ukutani akanigeuzia upande wa nyuma. "Hii hesabu niipige msasa?"

Nikamwambia aiache.

Akasimama kidogo. Halafu akachomoa kalamu sikioni, akainama, akaandika chini ya maandishi ya yule mzee wa Keko, kwa mwandiko mbaya kuliko wa mzee huyo: Baki 120,000. Ni kweli, ndiyo ninayodaiwa. Wasaidizi wakacheka, mimi pia nikacheka, wakainua fremu wakaiingiza mahali pake.

Lipu inapigwa Jumanne. Idi sijui itaangukia siku gani, lakini nimemwambia mama aniachie sufuria lile kubwa.