Tor inanipongeza, kumbe DNS inanichoma

Wadau hii ya leo ni aibu yangu mwenyewe ila acha niiweke. Miezi kama minne nilikuwa najiona fundi, nimeseti Tor, mtandao unaoficha unakotokea, kwenye laptopu, brauza yake sikuitaka kwa sababu eti nzito, nikasema ntaiunganisha na Firefox yangu ya kila siku maana ndo ina bukumaki zangu zote. Ujuaji tu.

Mara ya kwanza nikaweka 127.0.0.1 na poti 9050, yaani Tor ilipo humohumo kwenye laptopu, kwenye kisanduku cha proksi (mpatanishi anayekubebea maombi yako) ya HTTP, ikanitupia ukurasa wa eror 501 unaosema hii ni proksi ya SOCKS sio ya HTTP. Haya, nikahamishia kwenye SOCKS v5, nikafungua check.torproject.org ikanipongeza kabisa kwamba natumia Tor. Nikalala usingizi mnono.

Sa juzi usiku sina la kufanya, nikafungua taminali nikaiwasha tcpdump, programu ya kuchungulia kinachopita kwenye mtandao, inionyeshe poti 53 peke yake, yaani ya DNS inayogeuza jina la tovuti kuwa IP (namba ya anwani yake), nikitegemea kimya. Weee! Kila tovuti ninayofungua jina lake linapita pale mbele ya macho yangu, wazi kabisa, linaenda kwenye seva ya kampuni ninayonunua bando. Nafungua nyingine, na yenyewe hiyo inapita.

Kumbe ule ukurasa wa pongezi unaangalia IP uliyotokea nayo tu, jina umelitafutia wapi haujui. Ni sawa na kumtuma dogo dukani kimyakimya afu wewe umesimama kibarazani unapaza sauti kuuliza duka la fulani liko wapi. Dawa yake haichukui dakika, ingia about:config ya Firefox tafuta network.proxy.socks_remote_dns iweke true ili jina litafutwe kupitia Tor, kwenye toleo langu la zamani ilikuwa false. Wa curl, ile ya kufungua tovuti kwenye taminali, pia mjiangalie, tumieni --socks5-hostname, ile --socks5 tupu inalitafuta jina yenyewe kwanza. Na kilichoniuma ni kwamba Tor ilikuwa inalalamika kwenye logi siku zote, inasema programu inaipa IP badala ya jina, sa nani anasoma logi? Ukitaka iwe kali weka SafeSocks 1 kwenye torrc, faili la setingi za Tor, maombi ya hivo inayakataa papo hapo.

Ila hata baada ya hapo nimeiacha Firefox. Tor inabeba TCP tu, WebRTC (ya kupiga simu na video ndani ya brauza) ikiamua kutoka na UDP, njia nyingine ya kusafirisha data, inapita pembeni na IP yako halisi, na kuziba matundu moja moja sina umri huo. Nimerudi brauza ya Tor, yenyewe inatumia poti 9150 na setingi zake siziguzi.

Kuna dogo kwenye grupu letu yeye kaingiza proksi ya bure kwenye setingi za brauza ya Tor, eti anaongeza ulinzi. Dogo, ile sehemu ni ya watu walioko ofisini au chuoni ambako intaneti haitoki bila kupita proksi yao. Inakaa KABLA ya Tor, kwa hiyo mwenye nayo anaiona IP yako na anajua unaenda Tor, na wewe humjui hata jina. Kama Tor imezibwa hapo ulipo washa daraja, yaani mlango wa kuingilia Tor usiotangazwa, obfs4 au Snowflake, zipo humohumo ndani.

Bukumaki nazihamisha kwa mkono, nimefika herufi M. Tcpdump nimeiacha wazi pembeni, tangu jana ikitoa mstari ni apdeti za sistimu tu.