Ukingo wa Dari

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 22:8. Ni mstari mmoja tu, na umekaa mahali ambapo wengi tunapita haraka, kati ya sheria ya kiota cha ndege na ile ya kutochanganya mbegu katika shamba la mizabibu. Kwa ufupi unasema: ukijenga nyumba mpya, zungushia dari lako ukingo, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka kutoka huko.

Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa la bapa, ambalo ndilo dari linalotajwa hapa, na watu waliishi juu yake kama walivyoishi ndani. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini, chini ya mabua ya kitani aliyokuwa ameyapanga huko (Yoshua 2:6). Samweli alizungumza na Sauli darini (1 Samweli 9:25). Petro, akiwa Yafa, alipanda darini kuomba yapata saa sita mchana (Matendo 10:9). Kwa hiyo dari lilikuwa sebule, mahali pa kuanikia na chumba cha maombi kwa pamoja, na bila shaka watoto walifukuzana huko jioni kama watoto wanavyofanya popote penye nafasi.

Sasa tazama sheria inamwendea nani. Mgeni haambiwi aangalie anapokanyaga, wala mama haambiwi amfunge mtoto kamba. Anayeambiwa ni mwenye nyumba, wakati fundi bado yupo na mawe bado yako uwanjani, kabla hata ya mtu wa kwanza kupanda juu. Jenga ukingo. Asipojenga na mtu akaanguka, damu iko juu ya nyumba yake, ingawa hakumsukuma mtu, ingawa siku hiyo huenda alikuwa shambani, ingawa hana kinyongo na yeyote. Hatia imo katika namna nyumba ilivyojengwa.

Kwangu mimi hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mahubiri yetu mengi juu ya afya na mazingira humwendea yule anayeweza kuanguka. Tunamwambia awe mwangalifu. Mwenye nyumba tunamwacha aendelee na chai yake.

(Nikiwa hapo, nakumbuka Eutiko, kijana aliyeanguka kutoka orofa ya tatu kule Troa, Matendo 20. Vijana wetu huonywa kwa habari yake wasisinzie kanisani. Lakini Luka mwenyewe anataja kwamba taa zilikuwa nyingi chumbani na kwamba Paulo aliendelea kusema hata usiku wa manane. Wahubiri wenzangu mnielewe.)

Twendeni nyuma ya kanisa, kwenye jiko. Sharika nyingi zina jiko la namna moja: bati kadhaa juu ya nguzo, mafiga, na sufuria la pilau ambalo watu wawili hulibeba kwa shida. Siku ya mavuno, wakati mnada wa ndizi na kuku unaendelea mbele kwa vicheko, huko nyuma mama ameshika mwiko mrefu kama kafi, amejifunga kanga puani, na kila baada ya dakika chache anageuza uso pembeni afute macho kwa ncha ya kanga hiyohiyo. Kuta zimepakwa masizi hadi zinang'aa. Mara nyingi kuna mtoto mgongoni. Mtoto huyo anavuta moshi uleule anaovuta mama yake, ila mapafu yake ni madogo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, unaotokana na kupikia kuni, mkaa, mafuta ya taa na vitu kama hivyo, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Wengi wao hawakuanguka mara moja kama mtu aangukavyo kutoka darini. Walikohoa kwa miaka, au walipata nimonia wakiwa wachanga, na msibani tukasema ni mapenzi ya Mungu. Wapo pia wanaoondoka usiku mmoja, wale walioingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, wakafunga dirisha na wasiamke, kwa sababu mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi.

Na mkaa wenyewe una safari yake. Anayechoma kwa tanuri la udongo, lile la kufukia magogo na kuyaacha yaungue polepole, anaweza kutumia kilo sita hadi kumi za mti kupata kilo moja ya mkaa. Kinachobaki hupotelea angani. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo jirani kabisa na Dar es Salaam, imeumizwa na biashara hiyo kwa miaka mingi, na malori ya magunia yamezidi kwenda mbali, Morogoro, Tanga, Lindi, kadiri miti ya karibu ilivyoisha. Ukifika kijiji ambacho miti imekwisha, utaona wanawake wanaondoka asubuhi kutafuta kuni na kurudi jua likiwa la utosini.

Kila mwaka tunakuwa na Jumapili ya kutunza uumbaji, na mwishoni mwa hubiri tunaambiwa tuache kutumia mkaa. Mama aliye benchi la nyuma amesikia. Lakini kesho atanunua mkaa wa elfu mbili kwa sababu elfu mbili ndiyo aliyonayo kesho. Kujaza mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 kunataka zaidi ya elfu ishirini kwa mpigo. Ukijumlisha mkaa wake wa mwezi mzima, anatumia pesa nyingi kuliko angejaza gesi, na hesabu hiyo anaijua vizuri kuliko mhubiri. Hana tatizo la moyo mgumu. Anakosa elfu ishirini zinazokaa mahali pamoja. Ndiyo maana hata mitungi inayogawiwa bure au kwa ruzuku, jambo ambalo nalishukuru, katika nyumba nyingine hugeuka pambo la kona baada ya gesi ya kwanza kuisha.

Ukingo hapa ungekuwaje? Akina mama wetu wanajua kucheza upatu kwa ajili ya vyombo, vitenge na sare za kwaya. Upatu wa gesi ni uleule: kila mmoja anatoa kidogo kila wiki, na mtungi unajazwa kwa zamu. Nasikia mahali pengine kuna gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, kama tunavyonunua umeme, na kama ipo mtaani kwenu, jumuiya inaweza kumsaidia mwanachama kujiunga. Kwa wenye umeme, maharage ndiyo yanayomaliza mkaa kuliko kitu kingine. Yakilowekwa usiku na kupikwa kwenye jiko la presha la umeme, sufuria la familia halifiki hata uniti moja. Wanaosema maharage ya umeme hayana ladha, wapewe waonje bila kuambiwa yamepikwa wapi.

Lakini hayo bado ni ya nyumbani, na mstari wetu unamtafuta mwenye nyumba kubwa. Serikali ya Tanzania ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Shule zetu za kanisa, vyuo vyetu na vituo vyetu vya watoto vimo katika agizo hilo. Pilau la mkutano wa injili linalisha zaidi ya watu 100 bila wasiwasi. Tusisubiri mkaguzi.

Kuna ndugu wanaosema: hayo ni ya serikali, sisi tuhubiri Injili. Nawaheshimu, na hofu yao ya kanisa kugeuka shirika la miradi naielewa. Ila mstari haukuandikiwa mfalme. Umeandikiwa mtu yeyote anayejenga nyumba. Na umesema nyumba mpya, kwa sababu ukingo ni rahisi wakati ramani bado iko mezani. Siku hizi sharika zinajenga kwa kasi ya kumshukuru Mungu. Nimekaa katika vikao ambamo rangi ya vigae vya madhabahu ilijadiliwa kwa saa nzima, spika zikajadiliwa, maegesho yakajadiliwa, na jiko likatajwa dakika ya mwisho: watapika kule nyuma, kama kawaida. Dohani ya kutolea moshi, dirisha kubwa, mahali pa mitungi, bomba la maji karibu, vyote hivyo havifiki hata bei ya vile vigae. Na katika vikao vingi vya namna hiyo, wanaopika hawana mtu mezani.

Tuna mifano kwamba mpangilio ukibadilika, watu hubadilika kuliko tunavyotarajia. Kwa miaka mingi tulihubiriwa juu ya mifuko ya plastiki na tukaendelea kurudi nayo kutoka sokoni, nyanya mfuko wake, dagaa mfuko wake. Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Katika muda mfupi vikapu vilirudi mikononi. Wale watu ambao tuliwaona wagumu hawakuwa wagumu; mfuko ulikuwa wa bure na uko kila mahali, basi. Kweli, ukingo ule ulipata matundu, maana vifungashio laini vya bidhaa vikaanza kutumika kama mifuko, na ikabidi vikatazwe navyo. Ukingo huhitaji kukarabatiwa kama ukuta wowote.

Na kwetu kanisani upo mfano ninaoupenda zaidi. Kilimanjaro, katika Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Askofu Fredrick Shoo alijulikana kama askofu wa miti, na kupanda miti kukaingia katika safari ya vijana wa kipaimara. Kijana anajifunza Amri Kumi, anajifunza Imani, na anashika jembe. Hakuachwa asubiri siku moyo wake utakapoguswa na mlima unaopoteza barafu yake. Kupanda mti kuliwekwa njiani, mahali ambapo lazima apite. Huo ni ukingo.

Linganisha na usafi wetu wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tunatoka na makoleo, tunazibua mtaro, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Tope na chupa tulizotoa tunaziacha lundo ukingoni mwa mtaro uleule, kwa kuwa hakuna aliyepanga nani atalichukua. Mvua ya Jumanne inalirudisha lote ndani. Torati ilikuwa makini zaidi. Sura inayofuata somo letu, mistari ya 12 hadi 14, inamtaka kila askari awe na mti wa kuchimbia miongoni mwa silaha zake, afukie uchafu wake nje ya marago, yaani kambi, kwa sababu Bwana anatembea kati ya marago. Shimo, chombo cha kuchimbia, na mahali palipotengwa. Utakatifu wa kambi ulianzia kwenye choo.

Kwa hiyo ombi langu wiki hii ni dogo na lina jina la mahali. Kabla ya Jumapili, wazee wa kanisa waingie jikoni kwa mtaa wao wakati moto unawaka, wasimame humo kwa muda wa nyimbo mbili, kisha wawaulize wanaopika wangetaka nini kibadilike. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari na yapewe bajeti, hata kama ni bati moja la kutoboa na kuwekea bomba la moshi. Wenye ramani mpya waifungue tena.

Tuombe. Baba, wewe uliyemfikiria mtoto wa jirani akicheza juu ya dari ambalo halijajengwa bado, tunakuletea mama zetu wanaotupikia, na watoto wao mgongoni. Ponya vifua vyao. Wape wenye kuamua katika sharika, shule na nyumba zetu macho ya kuona mahali ambapo watu wanaanguka, na mikono mepesi ya kujenga. Wakumbuke pia wachoma mkaa, ambao nao wanatafuta ada za watoto. Uwafungulie kazi nyingine. Kwa jina la Yesu, amina.

Wiki ijayo tutasoma Kutoka 23:10–11, kuhusu shamba linaloachwa lipumzike mwaka wa saba ili maskini wale kinachoota chenyewe. Wakulima waliomo humu wajiandae kutusaidia, hasa wale waliojaribu kupumzisha ardhi wakati majirani wanalima.