Siku Moja Kati ya Pilipili Mbuzi na Risiti

Saa kumi na mbili asubuhi, mwishoni mwa Septemba, shamba letu la hapa Minnesota bado limo gizani. Mimi na kijana anayenisaidia tunachuma pilipili mbuzi kwa taa za kichwani, kwa maana usiku wowote kuanzia sasa umande unaweza kuganda na kuiua mipilipili yote. Kabla hajagusa ndoo, kijana anapaswa kuandika saa anayoanza katika safu ya kwanza ya daftari, ile ya shambani. Safu ya pili ni ya jikoni. Ruzuku tuliyopewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kupitia VAPG, mpango wa ruzuku za kuongeza thamani ya mazao, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2000, inahusu kuliongezea zao thamani, kwetu sisi kusindika pilipili kuwa sosi, na kuliuza, wala haigharimii kulima, kupalilia au kuchuma. Saa hizi za alfajiri, basi, namlipa kutoka mfukoni mwangu.

Saa moja na nusu mama anapiga simu kutoka Muheza, Tanzania, ambako sasa ni saa tisa na nusu alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Zile fedha za serikali zimefika? Mashine umenunua?"

Namweleza kwa mara ya tatu kwamba fedha hizi haziruhusiwi kununua mitambo wala kujenga, bali hulipia chupa, lebo, kodi ya jiko, ujira wa usindikaji na matangazo, na kwamba kwa kila dola ya serikali nami sharti niweke yangu.

"Basi hiyo ni harambee," anasema. Sina la kumbishia.

Saa tatu tunapima. Jirani ameniuzia makreti mawili kwa bei nafuu, nami nimeyapokea kwa uangalifu, kwa sababu zaidi ya nusu ya mazao ghafi yanayosindikwa lazima yatoke shambani kwangu. Zangu ni kilo 38, zake kilo 14. Kila uzito unaandikwa peke yake.

Kuanzia saa nne tumo katika jiko la kukodi. Pilipili zinasagwa pamoja na karoti, kitunguu saumu, siki na chumvi, na mvuke wake hukaba koo hata ukivaa barakoa. Sufuria ikishachemka nachota kikombe kimoja, nakiacha kipoe, kisha nasafisha kipima asidi na kukirekebisha kwa maji ya kipimo cha 4 na cha 7. Namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi: sheria inataka sosi ya aina hii isizidi 4.6, kanuni yangu ya mapishi, iliyothibitishwa na mtaalamu wa usindikaji, inataka isizidi 3.8. Leo inasoma 3.9. Karoti zimezidi utamu, nadhani. Tunaongeza siki kama kanuni inavyoelekeza, tunachemsha upya, tunasubiri tena, na safari hii inasoma 3.7, ndipo tunaanza kujaza chupa sosi ikiwa bado moto kupita nyuzi 85.

Saa tisa nakaa na risiti. Fedha zetu hurejeshwa baada ya kutumika: nalipa kwanza, najaza SF-270, fomu ya kuomba kurejeshewa fedha, kisha nasubiri. Mwaka jana nilipoteza risiti ya maboksi ya chupa, hasara ikawa yangu. Ruzuku ya mtaji wa kuendeshea kazi inaweza kuwa kubwa zaidi, lakini niliomba chini ya dola 50,000 kwa makusudi, kwa kuwa kuanzia kiwango hicho unadaiwa upembuzi yakinifu na mpango kamili wa biashara, na kwa mkulima wa ekari mbili kazi hiyo ni msimu mzima wa kukaa mezani.

Saa kumi na moja jioni, soko la wakulima. Chupa 31 zimeondoka.

Saa mbili usiku mume wangu anapitia daftari na kugundua kuwa kijana ameandika siku yake nzima katika safu ya jikoni. Kesho itabidi asahihishe mwenyewe na kutia saini. Tukiwa katikati ya hesabu hiyo, simu inaonyesha kwamba alfajiri joto litashuka hadi nyuzi sifuri. Tunachukua taa na maturubai, tunatoka kwenda kufunika matuta. Daftari nimeliacha mezani.