Majengo, Mtwapa au Tudor: tulivyochagua aina ya nyumba ya kununua Mombasa

Tulikuwa wapangaji Kisauni kwa miaka mingi. Akiba ilipofika mahali pa kuzungumzika, mimi na mume wangu tukawa na kauli mbili. Yeye alitaka nyumba ya chini yenye uwa wake. Mimi nilitaka kisiwani, karibu na kazi, shule na hospitali, kwa kuwa tunaishi na mama mkwe, ambaye ana maradhi ya sukari na magoti yake yamechoka.

Nyumba iliyonikaa moyoni mapema ni ya Kiswahili, huko Majengo, kisiwani: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Hesabu yake ilivutia. Tungekaa vyumba vitatu, vilivyobaki tukapangisha, na kodi ile ikasaidia karo za watoto. Bei nayo ilikuwa chini mno kuliko za nyumba nyingine zote, nikauliza kwa nini. Mzee aliyekuwa akiiuza hakunificha. "Mwanangu, kuta ni zangu, mchanga una wenyewe," akaniambia, kisha akaniletea bunda la risiti za kodi ya kiwanja anayoilipa kila mwezi kwa ukoo wenye ardhi.

Asiye wa Pwani huenda akashangaa, lakini kwetu nyumba bila ardhi ni jambo la tangu mababu. Mtu hujenga juu ya kiwanja cha mwenzake kwa makubaliano, nyumba ikarithiwa, ikauzwa na kuuzwa tena, na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Watu wamezaliwa na kuzeekea humo, nami naziheshimu nyumba hizo. Ila nilijiuliza: wenye ardhi wakiiuza kesho, mnunuzi mpya atanitaka? Nikitaka kupandisha gorofa, ruhusa naiomba kwa nani? Benki ambayo ingetukopesha sehemu ya fedha ilinijibu kabla sijamaliza kueleza: bila hatimiliki hakuna mkopo. Mwenye fedha taslimu, anayewajua wenye ardhi na akapata makubaliano ya maandishi mbele ya wakili, anaweza kukaa pale kwa raha. Sisi hatukuwa na fedha hizo.

Mume wangu akanipeleka Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, ndani ya Kaunti ya Kilifi. Nyumba ya vyumba vitatu, ploti ya futi 50 kwa 100, hati safi, muembe uani. Sikubishana naye. Nilimwomba tu siku ya kazi tutoke pale alfajiri, tuje mjini kama tutakavyokuwa tukija kila siku, na mama awe nasi kwa kuwa siku hiyo alikuwa na kliniki. Tulipofika hospitalini miguu yake ilikuwa imevimba. Mume wangu hakuitaja Mtwapa tena.

Ikabaki fleti, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu fleti mpya zote hung'aa. Mombasa adui wa gorofa ni chumvi. Hewa ya bahari hupenya kwenye zege, na pengine fundi amechanganya mchanga au maji yenye chumvi. Chuma kikishika kutu ndani hufura, na saruji ikapasuka. Kwa hiyo tulianzia chini, kwenye maegesho, ambako hakuna aliyepaka rangi vizuri, na tukatazama dari na nguzo. Jengo moja lenye marumaru za kupendeza lilikuwa na ufa mwembamba ulionyooka chini ya boriti, na kandokando yake doa la rangi ya kahawia. Nikagonga kwa funguo. Ikaita kama chungu kitupu. Tukaaga.

La pili jambo ni maji. Maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo majengo mengi yana kisima, na cha kisiwani mara nyingi kina chumvi. Katika jengo jingine nilionja maji ya jikoni, kisha nikamwomba mama mmoja anayekaa pale anionyeshe birika lake ndani. Ukoga mweupe ulikuwa mdogo. Huyo huyo ndiye aliyenieleza ada ya huduma ni kiasi gani, nani hailipi, na lifti ikiharibika hukaa muda gani. Dalali hawezi kukwambia hayo.

Tukachagua fleti Tudor, kisiwani, gorofa ya kwanza, jengo la zamani kidogo lakini zima, ili mama aweze kupanda ngazi zile chache hata bila lifti. Kabla ya kuweka saini, wakili alifanya upekuzi wa hati afisi ya ardhi, akaangalia miaka iliyosalia kwenye mkataba wa ardhi, akataka vyeti vya kuonyesha kwamba kodi za kaunti na za serikali zimelipwa. Zamani mnunuzi wa fleti alipewa mkataba wa muda mrefu wa upangaji pamoja na hisa katika kampuni inayosimamia jengo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 inataka kila fleti iwe na hati yake, na wenye fleti wawe chombo kimoja chenye kuamua mambo ya jengo. Tulisisitiza tupewe hati hiyo, na muuzaji alipotaka tulipe kwanza hati ije baadaye, tulikataa mpaka ilipotoka. Juu ya bei, tuliweka kando asilimia 4 ya ushuru wa stempu na ujira wa wakili. Fedha hizo mkopo wa benki haukuzigharimia.

Mume wangu amepata pa kupanda mchicha na mrehani, juu ya paa, kwa ruhusa ya kikao cha wenye fleti. Mama huenda kliniki kwa tuktuk na kurudi kabla ya adhuhuri.